Hodi kwa Wenyeji wa Mni Sota

Maneno haya niliyasema mbele ya Waswahili wenzangu wa Minneapolis na St. Paul, tulipokutana mwezi Oktoba kula pamoja na kuongea kama ilivyo desturi yetu. Baadhi ya waliokuwepo wameniomba niyaandike. Nimeongeza kidogo pale muda uliponibana.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, kaka na dada zangu, habari za jioni. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu. Na nyinyi watoto mliozaliwa huku, ambao Kiswahili mnakisikia zaidi kuliko mnavyokisema, nitajitahidi kwenda polepole.

Kwetu Songea, mtu akihamia kijiji kipya hafungui mizigo kabla hajajulikana. Anapelekwa kwa mjumbe, anataja jina lake na la baba yake na alikotoka. Anaonyeshwa kisima, anaonyeshwa mpaka wa shamba, na anaonyeshwa mahali watu wanapozikwa, asije akapitisha jembe juu ya makaburi. Ndipo anaambiwa karibu. Mimi nilihamia hapa mwaka 2003. Niliandikishwa na watu wa uhamiaji, watu wa kodi, watu wa leseni ya gari na watu wa benki. Kwa mwenyeji hakuna aliyenipeleka, na mimi sikuuliza. Ilipita miaka 11.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Kidakota, taifa la wenyeji wa asili wa Minnesota, niliyekuwa nikifanya naye kazi zamu ya usiku, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Saa tisa za usiku, wagonjwa wamelala, mkiwa mmekaa na kikombe cha chai, watu huulizana mambo ambayo mchana hayaulizwi. Akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nikamweleza habari za Songea, habari za Vita vya Majimaji, na ile siku ya Februari 27, 1906, Wajerumani walipowanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni, zaidi ya sitini, wakawazika katika shimo moja. Nikamwambia kwamba kila mwaka siku hiyo tunakusanyika pale kaburini. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwetu ni thelathini na wanane."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimeishi Minnesota miaka 11, nimelipa kodi, nimejenga familia, na sikujua ni thelathini na wanane gani anaowasema. Ninyi mlio hapa leo, wangapi mnawajua? Ninawauliza kwa sababu nadhani mtu asiyejua hilo hajafika bado, hata kama ana pasipoti ya nchi.

Basi nianzie mahali tulipoanzia sote. Karibu kila mmoja wetu aliingia kwa mlango mmoja, uwanja wa ndege. Jirani kabisa na uwanja ule, mto Minnesota unaingia katika mto Mississippi. Wadakota wanapaita Bdote, mahali maji yanapokutana, na wengi wao wamepokea kutoka kwa wazee wao kwamba hapo ndipo watu wao walipoanza kuwa watu. Ndege zetu zilitupitisha juu ya hapo, na sisi tulikuwa tunatafuta koti.

Vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu. Jina hilo lilitokana na kosa la Columbus, aliyefika visiwa vya Karibi mwaka 1492 akidhani amekaribia Bara Hindi. Mimi nitawaita wanavyojiita. Dakota maana yake rafiki, mtu mliyeungana naye. Nchi hii waliiita Mni Sota Makoce, nchi ambayo maji yake yanaakisi mbingu. Na hata sasa tunasema lugha yao bila kujua. Minneapolis ni neno lao la maji lililounganishwa na neno la Kigiriki la mji. Mankato ni udongo wa buluu. Mnaoishi Chaska, hilo ni jina analopewa mtoto wa kwanza akiwa wa kiume. Akiwa wa kike ni Winona. Naomba mlishike jina la Chaska, nitalirudia.

Mzungu wa kwanza ambaye habari zake zimeandikwa sana hapa ni padre Louis Hennepin. Mwaka 1680 Wadakota walimkamata, wakakaa naye kwa miezi, wakamlisha. Alipoona maporomoko ya Mississippi, yale yaliyopo katikati ya mji wa Minneapolis, akayapa jina la mtakatifu wake, Mtakatifu Antonio. Yalikuwa na jina tayari, Owamniyomni. Leo wilaya nzima inaitwa Hennepin, na hilo jina ndilo linaloandikwa kwenye barua zenu za mahakama na za kodi ya nyumba.

Kwa miaka mingi baada ya hapo wageni hawakuja kutafuta ardhi. Walitafuta ngozi, hasa za biva, mnyama wa mtoni mwenye manyoya mazito, kwa sababu Ulaya walikuwa wakitengenezea kofia. Wafanyabiashara wa Kifaransa, kisha wa Kiingereza, kisha wa Kimarekani, walioa mabinti wa Kidakota na kuzaa nao. Kwa Mdakota, mkwe ni ndugu, na ndugu hamnyimi mwenzake. Kwa hiyo waliwafungulia wageni mlango kama sisi tunavyomfungulia shemeji.

Pamoja na bidhaa yalikuja magonjwa. Ndui ndiyo iliyoua zaidi. Watu wa bara hili hawakuwahi kuishi nayo, miili yao haikuwa na kinga yoyote, na ilikuwa ikisafiri mbele ya Wazungu wenyewe, kijiji kwa kijiji, kwa mtu aliyekwenda tu kumtembelea shangazi yake. Mwaka 1837 ilipanda mto Missouri pamoja na meli ya biashara, na taifa la Wamandan, majirani wa Wadakota upande wa magharibi, likabaki na watu wachache mno. Mtu akikwambia kwamba nchi hii ilikuwa tupu, mwambie ilifanywa tupu.

Sasa nataka tukae kwenye jambo ambalo nadhani sisi tunalielewa kuliko mtu yeyote, nalo ni daftari la dukani. Kila aliyekulia mtaani kwetu analijua daftari la Mangi. Unachukua unga, sabuni na mafuta ya taa, unaandikwa, unalipa mwisho wa mwezi. Biashara ya ngozi iliendeshwa hivyo hivyo. Mwindaji alikopeshwa bunduki, baruti, blanketi na sufuria majira ya kupukutika majani, akalipa ngozi majira ya kuchipua. Aliyeandika daftari ni mwenye duka, na mwindaji hakujua kusoma. Biva walipopungua kwa kuwindwa kupita kiasi, deni likabaki. Hapo ndipo wenye maduka walipogundua kwamba kuna kitu kingine cha kulipia deni.

Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1805. Ofisa wa jeshi aitwaye Zebulon Pike alikutana na viongozi saba wa Wadakota, wawili tu wakatia alama, naye akaandika kwamba Marekani imepata ekari zipatazo 100,000 pale Bdote na kwenye maporomoko. Mahali pa kuandika bei aliacha wazi. Miaka mitatu baadaye Seneti ilijaza yenyewe, dola 2,000. Ni senti mbili kwa ekari, kwa mahali ambapo watu wanaamini kwamba dunia yao ilianzia. Ikajengwa ngome juu ya jabali, ndiyo Fort Snelling. Na hapo niseme jambo kwa ajili yetu watu weusi. Dred Scott na mkewe Harriet, wale waliodai uhuru wao mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ikawakatalia mwaka 1857, waliishi utumwani ndani ya ngome hiyo, ingawa sheria ilikataza utumwa katika eneo hili. Ukuta ule mmoja umewaona wao na umewaona Wadakota.

Karatasi kubwa ilikuja mwaka 1851. Mwezi Julai, mahali paitwapo Traverse des Sioux, kisha Agosti pale Mendota, ng'ambo ya mto kutoka ngomeni, Wadakota wakatia alama kuachia karibu nusu yote ya kusini ya Minnesota, zaidi ya ekari milioni 20. Waliambiwa watabaki na ukanda kando ya mto Minnesota, na kwamba watalipwa kidogo kidogo kila mwaka kwa miaka 50. Sehemu kubwa ya fedha wasingeiona kamwe, ingebaki serikalini, wao wapewe faida yake.

Sikilizeni lililotokea siku ile. Kiongozi akishatia alama kwenye mkataba na kwenye nakala yake, alivutwa pembeni, penye pipa lililogeuzwa kuwa meza, akapewa karatasi nyingine atie alama. Wengi walidhani ni nakala ya mkataba ule ule. Haikuwa hiyo. Ilikuwa karatasi ya wenye maduka, inayosema kwamba deni lote lilipwe kwanza kutoka kwenye fedha za ardhi. Hakuna aliyewasomea daftari, na hakuna aliyewauliza kama hesabu ni sawa. Mkataba ulipofika Washington, Seneti ikafuta hata kile kifungu cha ukanda wao. Wakaruhusiwa kukaa pale kwa hisani tu, na mwaka 1858 nusu ya ukanda, upande wa kaskazini wa mto, ikachukuliwa nayo.

Waliosoma Tanzania mnamkumbuka Mangungo wa Msovero. Mwaka 1884 Carl Peters alimletea karatasi ya urafiki, Mangungo akatia alama, na darasani tulifundishwa kumwona kama mtu asiye na akili aliyeuza nchi. Naomba tumwache Mangungo apumzike. Tangu niliposoma habari za lile pipa, siwezi tena kumcheka mtu aliyetia alama kwenye karatasi aliyoandikiwa na mwizi.

Mtu mmoja amenisumbua zaidi ya wote katika habari hii, na jina lake ni Henry Sibley. Alikuwa mfanyabiashara wa ngozi pale Mendota, na mwenye daftari. Alijua Kidakota, aliwinda nao, alizaa binti na mwanamke wa Kidakota. Alikuwepo mwaka 1851, na alipata sehemu yake ya malipo ya deni. Mwaka 1858 Minnesota ilipokuwa jimbo, akawa gavana wa kwanza. Mwaka 1862 akapewa jeshi awapige. Mkopeshaji, gavana, na kamanda, mtu mmoja huyo huyo, na katika kila hatua aliendelea kuwaita marafiki. Sidhani alikuwa akisema uongo kila mara. Pengine aliwapenda kweli, na hilo linanitisha kuliko kama angewachukia.

Walowezi wakamiminika. Mwaka 1854 Wajerumani wakaanzisha mji wa New Ulm juu ya mto. Mimi ni mtoto wa Songea, mnajua neno Mjerumani linavyosikika masikioni mwangu. Lakini hawa hawakuwa wanajeshi wa Kaiser. Walikuwa maseremala na wakulima waliokimbia ukata na misukosuko kwao, wakanunua viwanja kwa fedha halali, wakapewa hati zenye muhuri. Walikuja kama tulivyokuja sisi.

Mwaka 1861 mazao yaliharibika. Msimu wa baridi uliofuata watu wa ukanda ule walikufa njaa. Malipo ya mwaka 1862 yalipaswa kufika mapema kiangazi. Marekani ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe na fedha zikachelewa. Ghala la serikali lilikuwa na chakula. Ofisa hakutaka kukitoa kabla dhahabu haijafika, na wenye maduka wakafunga daftari. Mmoja wao, Andrew Myrick, anatajwa kuwa alisema kwamba kama wana njaa, na wale majani.

Agosti 17 vijana wanne waliwaua walowezi watano. Usiku ule wakuu walimwendea Taoyateduta, ambaye Wazungu walimwita Little Crow. Alikuwa amekwenda Washington, ameona wingi wa Wazungu, na alijua vita hivyo Wadakota hawawezi kushinda. Akakubali kuongoza. Asubuhi yake vita vikaanza, na Myrick akakutwa amekufa, mdomo umejazwa majani. Siku hiyo hiyo, Agosti 18, mapipa ya dhahabu ya dola 71,000 yaliwasili Fort Ridgely, mwendo mfupi kutoka pale.

Lazima niseme jambo hapa na nisilipunguze. Mamia ya walowezi waliuawa katika wiki zile sita, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto ambao hawakuwahi kuliona lile pipa la Traverse des Sioux. Wadakota wengi walikataa vita, na baadhi yao waliwaficha majirani zao Wazungu. Mtu akitaka kuwasimulia vijana wetu habari hii kwa kuwaficha hao waliouawa, nitampinga. Walowezi wale walikalia kiwanja chenye mgogoro, na waliowauzia walijua.

Vita viliisha Septemba. Sibley akaunda tume ya kijeshi ya maofisa watano. Walishtakiwa watu 392, bila wakili, wengi bila kuelewa lugha ya kesi, nyingine hazikumaliza dakika tano. Watu 303 walihukumiwa kifo. Askofu Henry Whipple alimwomba Rais Lincoln awahurumie, na watu wa Minnesota wakamtaka awanyonge wote. Lincoln akapitia majalada, akachagua 39, na mmoja akaondolewa mwishoni. Desemba 26, 1862, siku moja baada ya Krismasi, watu 38 walinyongwa kwa pamoja Mankato, kwenye jukwaa moja lililotengenezwa kwa ajili yao. Hakuna siku nyingine katika historia ya Marekani ambayo serikali ilinyonga watu wengi namna ile kwa pamoja. Walipanda wakiimba. Walitafuta mikono ya wenzao, na wakiwa wamefunikwa nyuso waliita majina, yao na ya rafiki zao, kila mmoja ajue kwamba mwenzake yupo pale.

Niliwaomba mlishike jina la Chaska. Mmoja wa walionyongwa aliitwa hivyo. Alikuwa amemlinda mwanamke wa Kizungu, Sarah Wakefield, pamoja na watoto wake wakati wote wa vita, na mwanamke huyo alimtetea mbele ya tume. Lincoln alimwondolea adhabu ya kifo. Wakamnyonga hivyo hivyo, kwa kuchanganya majina.

Walizikwa shimo moja ukingoni mwa mto. Usiku ule ule madaktari wakaja kuwafukua kwa ajili ya masomo ya mwili. Mmoja wa madaktari hao, William Mayo, alichukua maiti ya mtu aliyeitwa Marpiya Okinajin. Mnalijua jina la Mayo, wengi wenu mmetibiwa au mnafanya kazi katika hospitali iliyoanzishwa na familia yake. Hospitali yenyewe imewaomba radhi ndugu wa marehemu, mwaka 2018, na ikaweka ufadhili wa masomo kwa jina lake. Nalitaja hilo kwa sababu ni haki kulitaja.

Wake, watoto na wazee, wapatao 1,600, walikuwa wameswagwa kwa miguu mpaka Fort Snelling, wakipigwa mawe na kumwagiwa maji ya moto njiani. Walifungiwa ndani ya uzio bondeni, chini ya ngome, palepale Bdote. Mnaujua msimu wa baridi wa hapa. Wao waliupitisha ndani ya mahema, na surua ikawaingia. Inakadiriwa walikufa kati ya 130 na 300. Nyanya wa nyanya wa yule mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa humo, akiwa mtoto. Watu walipelekwa kufia mahali ambapo wanaamini walizaliwa.

Mwaka uliofuata mikataba yote ikafutwa kwa sheria. Malipo yao yakapewa walowezi kama fidia. Mwezi Mei wakapakiwa kwenye meli za mvuke kwenda Crow Creek, nchi kavu isiyo na chakula, na mamia wakafa huko. Hata Waho-Chunk, taifa jingine la wenyeji, ambao hawakupigana, walifukuzwa, kwa kuwa walikuwa na shamba zuri. Serikali ya jimbo ikatangaza zawadi kwa atakayeleta ngozi ya kichwa ya Mdakota, dola 25 kwanza, kisha ikapandishwa mpaka 200.

Taoyateduta aliuawa Julai 1863 akichuma matunda ya porini na mwanawe. Ngozi ya kichwa chake na fuvu lake vikawekwa katika jumba la kumbukumbu la jimbo watu wavitazame. Vilitolewa kwenye maonyesho mwaka 1915, baada ya ndugu zake kulalamika. Alizikwa mwaka 1971. Mimi nilikuwa nimeshazaliwa.

Wahehe waliosubiri fuvu la Mkwawa mpaka 1954 wanaelewa. Na sisi wa Songea bado tunasubiri. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, bado hakijarudi. Rais wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023, akaomba msamaha, akaahidi kwamba watakitafuta. Nilipomsimulia mwenzangu habari hiyo, aliuliza swali moja tu, kama familia yake imeshachagua mahali pa kumzika.

Ya shule nitayapita haraka, maana yananiumiza na muda unakwenda. Kuanzia mwaka 1879, shule ya Carlisle ilipofunguliwa Pennsylvania, watoto wa mataifa haya walichukuliwa kutoka kwa wazazi wao, wakanyolewa nywele, wakabadilishwa majina, wakachapwa kwa kusema lugha za mama zao. Mwanzilishi wa Carlisle alitamka hadharani kwamba nia ni kumuua Mhindi ndani ya mtoto ili kumwokoa mtu. Serikali ya Marekani yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2024, ikahesabu shule 417 na watoto wasiopungua 973 waliofia humo. Wengi wetu tulivalishwa kibao shingoni sekondari kwa kusema Kiswahili. Nilikivaa siku mbili mfululizo nikiwa kidato cha pili, na mpaka leo naikumbuka ile kamba ya katani ikinikwaruza shingoni. Kidakota leo kina wazungumzaji wachache sana waliokulia nacho. Chuo Kikuu cha Minnesota kinakifundisha, na vijana wanakisoma kama mtu anayekusanya shanga zilizomwagika.

Nimewasikia baadhi yenu mkisema, hawa watu wana makasino, ni matajiri. Jumuiya ya Shakopee ina fedha, kweli. Kuna jumuiya nne za Wadakota katika jimbo hili, na nyingi za familia zao zilirudi zenyewe, moja moja, kinyume cha amri ya kufukuzwa, zikanunua vipande vya ardhi iliyokuwa yao. Upande wa pili wa mpaka, Crow Creek, watu wanaishi katika umaskini ambao ungewakumbusha nyumbani. Msiwapime kwa taa za kasino moja.

Wengine mnasema, sisi hatukuwafanyia lolote. Ni kweli. Lakini mkinunua kiwanja Dar es Salaam hamtoi fedha kabla ya kwenda serikali ya mtaa na kuwauliza majirani. Mnaogopa mgogoro. Hapa tunanunua nyumba, tunaangalia hati, na hati ukiifuata nyuma, mwenye nyumba kwa mwenye nyumba, inaishia kwa serikali ya Marekani. Mkifika hapo msiishie hapo. Ulizeni serikali ilipata wapi, na kwa bei gani.

Kuna mambo yaliyorudi. Ziwa lililobandikwa jina la Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa, sasa limerudishiwa jina lake, Bde Maka Ska. Mwaka 2021 sehemu ya ardhi ya Lower Sioux, palepale vita vilipoanza, ilirudishwa kwa wenyewe. Mwaka 2024 bustani nzima ya jimbo, Upper Sioux Agency, nayo ilirudishwa, pamoja na makaburi yaliyomo ndani yake. Pale Mankato pana mnara wenye majina yote 38. Mkipita kwenda kazini, simameni muyasome.

Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, tunakwenda Bdote. Tukutane saa nne asubuhi kwenye maegesho ya bustani ya jimbo ya Fort Snelling, upande wa mtoni, si kule juu ngomeni. Gari linahitaji kibali, kwa hiyo jazaneni. Mwenzangu amekubali kutupokea. Ameomba mambo mawili, watoto waje, na pale kwenye kumbukumbu ya kambi mtu asipige picha. Amesema atatufundisha kusalimia kwanza. Mwanamume husema "hau", mwanamke husema "han", na sauti ya mwisho inapitia puani. Vaeni viatu vya tope, bonde lile hushika maji.